Mtoto Aingie na Lugha Yake: Mwongozo kwa Walimu wa Maternele Mjini Goma

Mwongozo huu ni wa walimu wa maternele, wahudumu wa vituo vya jamii vya watoto wadogo vile tunavyoviita ECE, wakurugenzi wa shule na wanakamati ya wazazi. Unahusu watoto wa miaka 3 hadi 5 katika komini mbili za Goma na Karisimbi, na katika mitaa ya teritori ya Nyiragongo iliyokwisha kuungana na mji. Aliyeuandika amefundisha watoto hao kwa miaka, kwanza chini ya bache, yaani turubai, baadaye kwenye nyumba ya mbao, na anajua kwamba msomaji huenda ana watoto sitini mbele yake, ubao mmoja, na mshahara ambao haujafika.

Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 imeipa maternele miaka mitatu. Elimu ya bure iliyoanza kutekelezwa Septemba 2019 ilihusu shule ya msingi. Maternele bado inalipiwa na mzazi. Ndiyo maana watoto wengi wa umri huu hapa Goma hawako darasani. Wako sokoni na mama, wako kwenye foleni ya maji na dada, au wamefungiwa nyumbani na jirani anatupia jicho. Wale wachache wanaofika kwetu wanakuja kwa gharama kubwa ya familia. Tunawajibika kuwapa kitu cha kweli.

Mlangoni, asubuhi ya kwanza

Nianze na mtoto mmoja. Alikuwa msichana wa miaka minne, familia yake imetoka Rutshuru, wanaishi kwa ndugu huko Ndosho. Kila asubuhi mwalimu aliingia na kusema bonjour, darasa zima likasimama na kujibu kwa sauti moja, yeye akabaki ameshika kona ya nguo yake. Wiki ya kwanza daftari la mwalimu liliandikwa: hasemi. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu tukaanza kuulizana kama anasikia vizuri. Kisha siku moja bibi yake ndiye aliyekuja kumchukua. Mtoto alipomwona tu, maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka, kwa Kinyarwanda: nani amemwaga uji, nani amelia, wimbo gani umeimbwa, na mwalimu amevaa kitenge cha rangi gani. Alikuwa ameona yote na kuyaelewa mengi. Kwa wiki tatu tulikuwa tunaandika kwamba hasemi, na jioni zote hizo alikuwa anasimulia nyumbani.

Watoto wa namna hii ni wengi mjini kwetu. Goma inazungumza Kiswahili, lakini ndani ya nyumba kuna Kihunde, Kinyarwanda, Kinande, Kihavu, Mashi, Kitembo, Kinyanga. Vita vya tangu mwisho wa mwaka 2021 vilileta familia nyingi kutoka Masisi na Rutshuru, na watoto wao wengi hawakuwa wamekulia kwenye Kiswahili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, kisha inasema lugha nyingine za nchi ni urithi ambao Serikali inaulinda. Kwa hiyo mwalimu anayemsalimu mtoto kwa Kihunde hajavunja kanuni yoyote.

Fanya hivi. Katika juma la kwanza, mwombe mama au bibi akufundishe maneno kumi ya nyumbani kwao: maji, choo, njaa, kuumwa, kuogopa, kulala, njoo, basi, mama yuko wapi, anarudi. Yaandike kwenye daftari lako jinsi unavyoyasikia, usijali tahajia. Maneno haya kumi yana kazi kubwa kuliko alfabeti. Mtoto asiyeweza kuomba choo atajichafua, wenzake watamcheka, na kesho atakataa kuja; mama naye atafikiri mtoto hapendi shule. Nimeona mtoto akipotea kwa njia hiyo, na neno moja tu lingemrudisha.

Kisha mtafutie rafiki. Kama kuna mtoto mwingine anayezungumza lugha yake, wakae karibu mwezi wa kwanza. Usiwakataze kunong'ona kwa lugha hiyo. Wanaponong'ona, mkubwa anamfasiria mdogo, na wote wawili wanafaidika.

Katika mazungumzo ya darasa, tumia Kiswahili kama njia kuu, na lugha ya nyumbani kama daraja. Tukihesabu mawe, darasa linasema moja, mbili, tatu, nne, tano. Mwombe mtoto wa Rutshuru ahesabu kwa Kinyarwanda: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu. Watoto wenyewe watagundua kwamba tatu na gatatu ni ndugu, na tano na gatanu vilevile. Watacheka, watarudia, na yule aliyekuwa amejificha nyuma atajikuta anawafundisha wengine. Dakika kama hiyo inamtoa mtoto kwenye kona kuliko mwezi mzima wa kumbembeleza.

Lugha tusiigeuze kabila

Hapa naomba msomaji asome polepole. Katika mji huu maneno yameua watu. Kuuliza lugha ni jambo jema, lakini likiulizwa vibaya linasikika kama swali la kabila, na mzazi atajifunga, au ataogopa. Usiulize mbele ya wazazi wengine. Usiulize ukiwa umeshika kalamu. Uliza hivi: "Mama, nyumbani mnamwimbia nini akilala?" Mama atakuimbia, au atakuambia wimbo, nawe utakuwa umejua lugha, umejua wimbo, na umemjua anayemlaza mtoto. Mara nyingi si mama. Ni bibi, au ni dada wa miaka kumi na miwili. Huyo ndiye unayepaswa kumjua kwa jina.

Usibandike ukutani orodha ya watoto kwa lugha zao. Maelezo hayo yakae kwenye daftari lako, na daftari lilale mahali salama. Usimwite mtoto kwa jina la watu wake, hata kwa mapenzi. Na mtoto mmoja akimtupia mwenzake neno alilolisikia kwa wakubwa, usicheke na usipite. Inama mpaka macho yenu yalingane, sema kwa sauti ya kawaida kwamba neno hilo hatulitumii hapa, kisha wape wote wawili kazi moja ya kufanya pamoja. Kumpiga hakumfundishi lolote, kwani hakulitunga yeye. Jioni zungumza na mtu wa nyumbani kwake, faraghani.

Kifaransa, na haki ya mzazi kukitaka

Wazazi wengi wa Goma huipima maternele kwa Kifaransa. Siku ya proklamasyo, yaani ya kutangazwa kwa matokeo, mtoto anasimama na kofia ya karatasi kichwani, anakariri mistari ishirini bila kukosea, ukumbi unapiga makofi, na baba anarekodi kwa simu. Hatuna sababu ya kumdharau baba huyo. Anajua kwamba mtihani wa mwisho wa shule ya msingi uko kwa Kifaransa, Exétat, ule wa mwisho wa sekondari, uko kwa Kifaransa, na kazi ya ofisi inaombwa kwa Kifaransa. Anataka mtoto wake asifungiwe mlango. Mwalimu anayemwambia aachane na Kifaransa atapoteza mtoto, naye mtoto atapelekwa shule ya jirani.

Tunachopaswa kumweleza ni namna Kifaransa kinavyoingia. Mchukue mtoto aliyekariri vizuri, mwambie kwa Kifaransa aguse goti lake, au alete kikombe kilicho nyuma ya mlango. Mara nyingi atakutazama tu. Ana sauti za Kifaransa, lakini sauti hizo hazijakaa juu ya kitu chochote. Mtoto mwingine anayeweza kukusimulia kwa Kiswahili, kwa mpangilio, jinsi walivyokwenda ziwani kuchota maji, nani alitangulia, bidoni ilivyoanguka, na nini kikafuata, huyo ameshajenga kazi kubwa ya akili inayohitajiwa na kusoma. Akifundishwa Kifaransa atakuwa na mahali pa kukitundika. UNESCO ilishauri tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kujifunza kwa lugha yake ya mama, na walimu wa madarasa ya kwanza tunaliona jambo hilo kwa macho yetu kila Septemba.

Kwa hiyo Kifaransa kiwepo kila siku, kwa muda mfupi, na kila neno liwe na mwili: wimbo wenye vitendo, salamu, rangi za vitu vilivyo mkononi, amri za mchezo. Hadithi isimuliwe kwa Kiswahili. Maumivu, woga na ugomvi vishughulikiwe kwa lugha ambayo mtoto hulia kwayo. Mistari ya kukariri kuhusu theluji na majira manne tuiweke kando. Mtoto wa Goma ana mvua, vumbi jeusi la volkano, moshi mwekundu wa Nyiragongo usiku, na ziwa. Atungiwe mistari ya hayo, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na siku ya proklamasyo aseme yote mawili. Baba atapiga makofi vilevile, na bibi safari hii ataelewa.

Wengine wamepita njia hii kabla yetu. Huko New Zealand, familia za Wasamoa na watu wengine wa visiwa vya Pasifiki walihamia kutafuta kazi, wakaona watoto wao wanaipoteza lugha ndani ya kizazi kimoja. Wamaori, wenyeji wa nchi ile, walianzisha mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo ambamo wazee huzungumza na watoto kwa lugha yao tu, na Wasamoa nao wakafungua vya kwao, vinavyoitwa a'oga amata, vingi vikiwa karibu na makanisa. Mwaka 1996 nchi hiyo ilitoa mtaala wa watoto wadogo ukaitwa Te Whāriki, yaani mkeka: nyuzi za lugha, familia, mchezo na afya zimesukwa pamoja, na kila kituo kinasuka mkeka wake. Karibu na kwetu zaidi, Mombasa, mwalimu Bi Swafiya Said na wenzake walianza katika miaka ya 1980 mpango wa Madrasa uliosaidiwa na Aga Khan. Shule za chekechea zilikaa ndani ya jamii za Waislamu, walimu wakawa wanawake wa mtaa uleule waliofunzwa kazi, na vifaa vikatengenezwa kwa mabua, vifuu na makopo. Mpango ukaenda Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Wazazi waliokuwa wakiiogopa shule waliikubali kwa sababu walijiona ndani yake.

Mama wa soko ana saa zake

Tunawalaumu wazazi kwamba hawaji mikutanoni. Tutazame saa tunazowaita. Mama anayeuza sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku anatoka kabla ya jua. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, na kurudi na nyanya anahesabu kila dakika ya foleni, kwani bidhaa zinanyauka. Baba wa chukudu, kile kigari chetu cha mbao, anashuka na makaa au viazi asubuhi, na akikosa mteja wa kwanza amekosa siku. Mkutano wa saa nne asubuhi unawaita wale tu wasio na kazi au wenye mshahara. Fanyeni mkutano Jumapili baada ya ibada, au jioni kwenye avenyu wanakoishi, kwa dakika arobaini, na msianze na minervali, yaani ada.

Anzeni kwa kumwonyesha mzazi kitu alichofanya mtoto wake. Mchoro, kikapu kidogo, hadithi. Mzazi ambaye habari pekee anazopata kutoka shuleni ni za deni atajifunza kupita njia nyingine.

Kuhusu deni lenyewe: mtoto asirudishwe nyumbani mbele ya wenzake. Huyu ana miaka minne. Hajui minervali ni nini, anajua tu kwamba amefukuzwa. Karatasi apewe mtu mzima mkononi, faraghani. Najua walimu wengi ni wa N.U., hawamo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali na wanaishi kwa mchango wa wazazi, na najua kwamba tangu vita vilipoingia mjini na benki za Goma zikafunga milango mwishoni mwa Januari 2025 hata wenye mshahara wamehangaika kuupata. Njaa ya mwalimu ni ya kweli. Lakini mjadala huo ni wa watu wazima, ufanywe na kamati ya wazazi mezani, mtoto akiwa darasani anacheza.

Familia isiyo na pesa mara nyingi ina mikono. Fundi wa mbao atachonga chukudu ndogo ya kuchezea kwa mabaki ya mikaratusi. Mshonaji atatoa vipande vya kitenge kwa ajili ya wanasesere. Bibi atakuja mara moja kwa wiki kusimulia hadithi kwa lugha yake, na mtoto mkubwa atafasiri. Mchango huo uandikwe kwenye daftari la shule pamoja na ule wa pesa, kwa jina, ili kesho mtu asije akaambiwa hajatoa kitu.

Vifaa viko chini ya miguu yetu

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu walimu wa Goma ni hodari kuliko miongozo. Mawe ya volkano yapo ya kukwaruza na ya laini, mepesi na mazito: hayo ni masomo manne. Makaa yanachora vizuri kwenye ubao usiopakwa rangi. Vizibo vinahesabika na kupangwa kwa rangi. Bidoni iliyokatwa ni ndoo, ni ngoma, ni duka. Tengenezeni kona ya nyumba yenye mbabula isiyo na moto, sufuria, mwiko na bidoni ndogo, na kona ya soko ambapo majani makavu ni sambaza na mtoto anauza kwa mafungu. Sikiliza wanavyouza. Utasikia hesabu, adabu, ujanja na lugha tatu ndani ya robo saa.

Tahadhari moja tu: maharagwe na punje za mahindi wapewe wakubwa, mwalimu akiwa karibu. Wadogo wanaziingiza puani.

Mahali pa kuweka darasa: mazuku

Jambo hili haliandikwi kwenye miongozo inayotoka mbali, na hapa kwetu linaua. Mazuku ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika uwanda huu wa volkano. Haina rangi, mara nyingi haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatulia mabondeni, kwenye mashimo na nyufa za mawe, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake kichwa kikiwa juu ya gesi, na mtoto aliye kando yake akaanguka, kwa sababu pua ya mtoto iko karibu na ardhi. Mtoto aliyechuchumaa kucheza yuko chini zaidi.

Maeneo ya magharibi mwa mji, kuanzia Keshero kuelekea Lac Vert, Mugunga na Bulengo, yanajulikana kwa mazuku. Kabla ya kufungua kituo huko, waulizeni wazee wa mtaa na wachunga mbuzi. Wao wanajua ni katika shimo gani ndege huanguka. Waulizeni pia wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG. Mkiona wadudu, panya au ndege wamekufa kwenye bonde bila sababu, watoto wasifike hapo. Usishuke kupima kwa mshumaa: mahali moto unapozimika, na wewe tayari uko hatarini. Darasa liwekwe mwinukoni, watoto wasilazwe kwenye sakafu ya chumba kilicho chini ya usawa wa njia, na asubuhi madirisha na milango ifunguliwe kabla mtoto wa kwanza hajaingia. Mtu mzima akiona mtoto ameanguka bondeni asikimbilie kuinama. Wengi wamekufa wakiokoa. Aite msaada, avute pumzi nje, atumie kamba au mti mrefu pale inapowezekana.

Jina la mama

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka, na lava ikashuka mpaka kwenye mitaa ya kaskazini ya mji. Watu walikimbia gizani, wengine kuelekea Sake, wengine Gisenyi. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka tena. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao. Waliowapokea waliwauliza: mama yako anaitwa nani? Watoto wakajibu: Mama. Baba? Papa. Unakaa wapi? Kwetu.

Hakuna somo la maternele linalozidi hili hapa Goma. Kabla Oktoba haijaisha, kila mtoto wa darasa lako aweze kusema majina yake yote, jina la mama kama lilivyo kwenye kitambulisho chake na pia lile analoitwa mtaani, jina la baba au mlezi, avenyu na kartie. Lifanyeni kuwa wimbo. Kila mtoto anaimba ubeti wake, darasa linaitikia, kila asubuhi, mpaka hata yule wa miaka mitatu anauimba akiwa usingizini. Auimbe kwa lugha ya nyumbani kwanza kama Kiswahili bado ni kizito. Kwa wadogo kabisa, shona ndani ya nguo kipande cha kitambaa chenye jina na namba ya simu ya mtu mzima. Nje kisionekane, ili mtu asiyemjua asimwite mtoto kwa jina.

Wafundisheni pia rangi za bendera za tahadhari ya volkano: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ni somo la rangi lenye faida mara mbili. Fanyeni zoezi la kutoka nje kwa mstari, wakishika kamba moja yenye mafundo, kila fundo mkono mmoja. Zoezi liwe mchezo, bila kelele za kutisha.

Hilo la kutisha lina sababu nyingine. Watoto walio nasi leo walisikia mabomu ya Januari 2025. Wengine walikuwa kambini Mugunga au Lac Vert mabomu yalipoangukia mahema tarehe 3 Mei 2024. Wengine wamehama mara tatu kabla ya kutimiza miaka mitano. Utawaona wakichora bunduki, wakicheza kufa, wakiruka pikipiki inapopiga mlio. Usimwadhibu anayecheza vita, na usimhoji aliyekaa kimya. Mpe kitu kilekile kila siku: salamu ileile, wimbo uleule, mahali palepale pa kutundika mfuko wake, mwalimu yuleyule kadiri iwezekanavyo. Mtoto ambaye kila kitu kimehama anahitaji kitu kimoja kisichohama. Akitaka kusimulia, sikiliza mpaka mwisho, kisha mrudishe kwenye mchezo. Mtoto ambaye baada ya wiki kadhaa hali, halali, au anajiumiza, msindikize na mlezi wake kwenye kituo cha afya. Hiyo imeshapita uwezo wa darasa. Na wote wafundishwe sentensi moja: chuma nisichokijua sikigusi, namwita mtu mzima.

Neno kwa wakurugenzi na wakaguzi

Ukiingia darasani usiombe wimbo wa kukaribisha wageni. Kaa nyuma nusu saa. Hesabu ni watoto wangapi wamesema sentensi yao wenyewe, si ya kuitikia. Muulize mwalimu akutajie watoto watatu walio kimya na lugha za nyumbani kwao. Angalia kama kuna maji na sabuni mahali mkono wa mtoto unafika. Kipindupindu hakiondoki katika mji huu unaochota maji ziwani. Uliza lini bibi au babu wa mtoto aliingia darasani mara ya mwisho. Mwalimu anayeweza kujibu haya anastahili kupewa mafunzo zaidi na kutetewa kwenye orodha ya mishahara, hata kama watoto wake wanakariri mistari michache kuliko wa jirani.

Jambo la mwisho ni dogo na linaweza kufanyika wiki hii. Kama fomu yenu ya kuandikisha mtoto bado ina mstari unaouliza asili au kabila la mzazi, ufuteni kabla ya kupiga kopi za Septemba. Mahali pake andikeni jina la mtu anayemlaza mtoto usiku. Kisha mkaribisheni mtu huyo aketi, na mumwombe awaimbie.